Kamati ya Utazamaji Wenye Utambuzi na Farasi Kipofu

Ilitangazwa Jumapili, baada ya wimbo wa mwisho na kabla watu hawajaanza kuwaza vyakula vyao vilivyokuwa vikiiva kwenye mashimo ya kuokea, kwamba kijiji cha Houmaleka, kisiwani Vava'u, katika Ufalme wa Tonga, kimeteuliwa kuwa Kituo cha Mfano cha Utazamaji wa Filamu kwa Jicho la Kikristo. Mtangazaji alikuwa Uaisele Manukia, mzee wa kanisa, mwenyekiti wa Kamati ya Utazamaji Wenye Utambuzi, na mtu pekee kijijini mwenye faili lenye kufuli. Aliisoma barua nzima, pamoja na namba ya kumbukumbu na maneno "nakala kwa jalada", kisha akairudia ile namba kwa faida ya waliokaa nyuma.

Barua ilitoka ofisi kuu, Nuku'alofa. Ilisema Mchungaji Mkuu, Mheshimiwa Sunia Latavao, angefika Ijumaa kuiona kamati ikiwa kazini. Waraka wake ulikuwa umeshaeleza kwamba filamu za siku hizi zinapotosha, hasa ile mpya ya Nyuzilandi ya mzee na farasi wake kipofu, ambayo yeye mwenyewe, waraka ulisisitiza, hajaiona na hana haja ya kuiona. Basi Ijumaa angekaa kiti cha mbele, filamu hiyohiyo ingewashwa, na mahali ambapo ingekosea yeye angesema "zima". Ikizimwa, projekta ingerudi ofisi kuu kwa meli ya Jumatatu, na Houmaleka ingekuwa mfano kwa wengine wa jinsi kamati inavyojifunga yenyewe kwa heshima.

Uaisele aliyatangaza haya kwa uso wa kazi. Alipofika nyumbani alikaa kitandani bila kuvua mkeka wake wa kiunoni, vazi letu la heshima, akahuzunika. Tangu mkewe Sela afariki, nyumba ile ilikuwa na redio, saa ya ukutani na paka, na kati ya hao watatu paka ndiye aliyekuwa na mazungumzo. Siku aliyoingoja wiki nzima ni Ijumaa. Kwenye kamati aliingia kwa ajili ya cheo, hilo halina ubishi, lakini filamu zikamnasa, na cheo kikabaki kuwa kisingizio. Hakutaka projekta iondoke, wala hakumwambia mtu.

Tusisahau kwamba kamati hii haikuzaliwa na hekima yake yote siku moja. Ijumaa ya kwanza kabisa, mwaka uliotangulia, watu tisini waliingia ukumbi wa kanisa, wakaketi, filamu ikaanza. Dakika ya sita kijana mmoja kwenye skrini akavua shati aogelee. Hapo ndipo ilipokumbukwa kwamba kaka na dada hawatazami mambo ya namna hiyo chumba kimoja, kwamba binamu naye ni dada, na kwamba Houmaleka nzima imetokana na babu mmoja aliyejaliwa uzazi. Ukumbi ulitoka kwa milango mitatu na dirisha moja. Filamu ilitazamwa hadi mwisho na fundi wa jenereta, mgeni kutoka visiwa vya Ha'apai asiye na dada kijijini, naye ndiye aliyejaza fomu ya tathmini. Aliandika "nzuri".

Kamati ilikaa vikao vitano juu ya shati lile. Mjumbe mmoja alipendekeza waogeleaji wavae nguo kamili, akaambiwa awaandikie wahusika. Hatimaye katibu, mwalimu Losaline Pahulu, akasema litundikwe pazia la ngatu, kile kitambaa cha magome wanachokitwanga akina mama, kutoka kwenye skrini hadi mlango wa nyuma, wanaume kushoto, wanawake kulia. Kila upande ungeona picha, na hakuna upande ambao ungeuona mwingine. Azimio lilipita kwa kauli moja, na likafafanuliwa kwa maandishi kuwa asiyeonekana hayupo.

Ikabaki shida ya mjadala, na mjadala ndio uliokuwa kiini cha shughuli, maana kamati haikuundwa ili watu wafurahi. Mwanamume hawezi kuzungumzia busu dada yake akisikia, hata kama kwa mujibu wa azimio dada huyo hayupo. Kwa hiyo walijadili yaliyosalia. Filamu ya ndoa iliyovunjika ilijadiliwa dakika arobaini kwa upande wa masufuria: kwa nini yule mama ana masufuria mengi hivyo na familia ndogo, na Maandiko yanasemaje kuhusu tamaa. Filamu ya wezi wa benki ilitoa fundisho moja tu, kwamba mbwa wa mlinzi alikuwa mwaminifu. Wanawake walipochangia kutoka nyuma ya pazia, Losaline aliandika kwenye kumbukumbu "sauti ilisikika ikisema", hadi ofisi kuu ikauliza kwa barua kama Houmaleka kumeanza kutokea miujiza.

Mwenyekiti alikuwa na jukumu moja zaidi, nalo ni Ukaguzi wa Awali. Kila filamu ilipita kwanza nyumbani kwake, ikakaguliwa kwa niaba ya jamii. Ile ya farasi kipofu aliijazia fomu kwa maneno "imekaguliwa kwa haraka". Kwa hakika aliikagua mara nne. Ilikuwa habari ya mzee mmoja mfugaji aliyekosana na ndugu yake wa kuzaliwa, miaka ishirini hawasemeshani, na rafiki yake amebaki farasi. Dakika ya sitini na nne, baada ya mvua, farasi hufa. Dakika ya sabini na moja mzee anakwenda kwa ndugu yake kupatana, na njiani jirani mjane anambusu. Busu hilo ndilo lililotajwa kwenye waraka. Uaisele alilia mara zote nne, na mara ya nne paka aliondoka chumbani.

Alhamisi Losaline alimfuata akiwa na wazo. Hata yeye hakutaka projekta iondoke, maana tangu Ijumaa zile zianze wanafunzi wake walikuwa wakimuuliza maswali.

"Mzee, pale kwenye busu si tuseme umeme umekatika?"

"Nidanganye mbele ya Mchungaji Mkuu?"

"Hatudanganyi. Tunaukata kweli."

Uaisele aliliona wazo lina utaratibu. Tatizo likawa fundi wa jenereta, ambaye alisema yuko tayari kabisa, ila apewe barua rasmi ya kuagizwa kukata umeme kwa bahati mbaya. Barua ya namna hiyo hakuna aliyejua iandikwe vipi, na mpango ukafa hapo.

Mchungaji Mkuu alifika Ijumaa, mtu mkubwa wa mwili na sauti, mkeka wake wa kiunoni mpya. Alipokewa kwa kava, kile kinywaji cha mizizi cha kukaribishia wageni, nguruwe wawili na hotuba tatu. Kabla ya yote, hata hivyo, alikwenda kwa miguu hadi nyumba ya Bibi Vika, mfuma mikeka, dada yake mkubwa aliyembeba mgongoni alipokuwa mtoto na baadaye akaolewa Houmaleka. Hapo alikaa chini, akala alichopewa, akajibu alichoulizwa. Mchungaji Mkuu angeweza kubishana na mkutano mkuu wa kanisa, na mawaziri aliwahi kuwabishia. Lakini kwetu dada ni mkubwa wa kaka, kaka awe nani, na neno la Bibi Vika halikuwa na rufaa.

Jioni Bibi Vika aliingia ukumbini kwa mlango wa kulia, akaketi nyuma ya ngatu, na hivyo kwa mujibu wa azimio akawa hayupo.

Mchungaji Mkuu alifungua kwa maneno machache. Aliwataka watu watazame kwa macho, wasitazame kwa moyo, kwa sababu moyo hauna utaratibu. Akamkabidhi Uaisele rimoti mbele ya watu wote. "Nikisema zima, unazima. Usingoje nirudie." Uaisele aliipokea kwa mikono miwili.

Filamu ikaanza. Ilikuwa nzuri kama mara zile nne, na hilo lilimtia uchungu zaidi. Dakika ya kumi watu walishampenda farasi. Dakika ya thelathini upande wa kulia ulikuwa ukimpa mzee ushauri kwa sauti. Ikafika dakika ya sitini, jua limewaka, muziki wa shangwe, farasi anakula nyasi, kisha anakula na kofia ya mzee. Watoto walicheka hadi wakalala kwenye mikeka. Uaisele peke yake alijua zimebaki dakika nne. Akajikaza kisabuni, akauma ncha ya ulimi, macho kwenye rimoti.

Mara pua ikapengwa kwa nguvu. Uaisele alidhani ni yake, akaigusa, ikawa kavu. Akageuka kiti cha mbele. Mchungaji Mkuu alikuwa na leso mkononi, mabega yanatikisika, mashavu yamelowa chapa chapa.

Wazo la kwanza la Uaisele lilikuwa mafua. La pili lilikuja polepole, na lilipofika alilikaribisha kwa furaha kubwa. Hakuna mtu anayemlilia farasi anayekula kofia, isipokuwa anayejua mvua itakuja na nini. Alitamani kucheka, lakini mwenye nguvu mpishe.

Sauti ikatoka nyuma ya ngatu.

"Uaisele, simamisha hiyo filamu."

Kanuni zilisema ni Mchungaji Mkuu tu wa kuamuru. Kidole cha Uaisele hakikuzisoma kanuni. Farasi akaganda kwenye skrini, utepe wa kofia mdomoni.

"Sunia," alisema Bibi Vika.

"Naam, dada."

"Kupenga huko nakujua tangu ukiwa mgongoni mwangu. Farasi anakula, wewe unalia nini?"

Mchungaji Mkuu alifungua mdomo. Neno "mafua" lilionekana likija, Uaisele aliliona kabisa, likafika kwenye meno, likarudi. Dada mkubwa hadanganywi.

"Atakufa, dada."

"Nani?"

"Farasi."

Ukumbi uliguna pande zote mbili. Mama mmoja wa upande wa kulia alilalamika kwamba sasa ameharibiwa uhondo, tena na mchungaji.

"Umejuaje?"

"Nimeiona."

"Mara ngapi?"

Mchungaji Mkuu aliitazama ngatu kama mtu anayetafuta mlango.

"Tano."

Uaisele, mwenye zake nne, aliona wivu kidogo.

"Umewakataza watu, wewe ukatazama mara tano."

"Nilikuwa nakagua, dada."

Kicheko kilianza upande wa kulia, kikapita chini ya pazia, kikaingia kushoto bila kibali. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Bibi Vika aliwaacha wacheke hadi wakachoka, kisha akauliza kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali.

"Mara ya kwanza ungemlilia farasi, ningeelewa. Mara ya tano unalia nini?"

Mchungaji Mkuu aliikunja leso yake, akaikunja tena.

"Si farasi, dada. Ni yule ndugu yake. Nyumba ziko karibu, mtu anaweza kutembea. Na bado anangoja mpaka farasi afe ndipo aende."

Kila mtu ukumbini alijua habari ya Maika, mdogo wao wa mwisho, anayeishi kijiji cha pili. Yeye na Mchungaji Mkuu hawakuwa wamesemeshana tangu maziko ya baba yao, miaka kumi na mmoja. Jambo hilo lilikuwa halitajwi mbele ya watu wakubwa. Wanaume walitazama mikeka. Uaisele alimwonea huruma yule mtu mkubwa, huruma ya kweli, akasahau kuwa ameshika rimoti.

"Basi wewe huna farasi, Sunia," alisema Bibi Vika. "Unangoja nini?"

Ulikuwa mjadala wa kwanza wa filamu uliowahi kuihusu filamu yenyewe katika historia ya kamati, na katibu aliacha kuandika ili asikilize.

"Washa, Uaisele. Na wewe nyamaza, umeshatuharibia vya kutosha."

"Ndiyo, dada."

Mvua ikanyesha. Farasi akafa dakika ya sitini na nne, na wakalia wote, kushoto na kulia, waliojua na wasiojua. Uaisele alilia hadharani kwa mara ya kwanza tangu amzike Sela, na hakuna aliyemwandika. Ikafika dakika ya sabini na moja. Mjane akatoka nje, akambusu mzee shavuni, haraka, kama mtu anayemwekea chakula cha njiani. Uaisele aligeuka kungoja amri. Mchungaji Mkuu alikuwa ameamriwa kunyamaza na mwenye mamlaka ya juu zaidi, naye alinyamaza, macho yote mawili kwenye skrini. Mzee akaenda zake, akafika kwa ndugu yake, mlango ukafunguliwa.

Taa zilipowashwa, utaratibu ulidai uamuzi. Mchungaji Mkuu alisimama, akakohoa, akasema ofisi yake imeridhika na kiwango cha utambuzi kijijini. Kuhusu projekta, alisema, itaondoka. Uaisele aliiweka rimoti chini.

"Itaondoka kesho asubuhi," aliendelea, na sauti haikuwa tena ya mimbarini. "Hadi kwa Maika. Mwenyekiti ataibeba, kwa sababu mimi sijui kuiwasha. Nikienda mikono mitupu sitajua nianzie wapi."

Uaisele alisema ndiyo kabla hajaulizwa.

"Irudi kabla ya Ijumaa," ilisema sauti nyuma ya ngatu.

"Ndiyo, dada."

"Na Sunia, huko usilie mapema. Mwache na mwenzio aone."

"Ndiyo, dada," alisema Mchungaji Mkuu wa visiwa vyote, na Losaline akaandika kwamba azimio limepita.