Bolti ya Nne

Jumatatu, 4 Novemba 1996

Siku kubwa! Bwana Stanslaus, mkuu wa mradi wa maji hapa Mpanda, ametuita mimi na Makarius yadini. Kazi ya fundi wa kudumu ni moja. Vibarua tuko wawili. Pikipiki za mradi nazo mbili, zote injini zilishushwa kusafishwa. Mimi nimepewa nyekundu, Makarius ya bluu. Kila mtu arudishe injini, akaze bolti, na Jumamosi aipakie pikipiki yake kwenye pikapu ipelekwe Usevya. Niliuliza kwa nini zisiendeshwe tu. Akasema njia inakatiza mbugani, na simba hawajui mradi.

Atakayefanya kazi kwa usalama ndiye fundi. Basi ni mimi. Makarius ni Mpimbwe mmoja mpole, anapiga ishara ya msalaba kabla ya kushika spana. Huyo si mpinzani.

Wasiwasi wangu ni baba. Mzee Manyanda kaja na baiskeli kutoka Mwamkulu kuniambia kwamba Jumapili ikinikuta sina kazi, narudi kuchunga ng'ombe. Ng'ombe sitini na wawili! Mimi, Enoka, niliyejifunza ufundi kwa kuangalia tu! Fimbo ameshaichonga. Amekuja nayo anipime urefu.

Jumanne, 5 Novemba

Kukaza bolti. Injini inashikwa na bolti nne kwenye fremu. Makarius amezikaza asubuhi nzima. Kwanza aliziingiza zote kwa vidole. Kisha spana, kidogo hii, kidogo ile ya upande wa pili, anasikiliza kama mtu anayeonja mchuzi. Nikamuuliza kama anaziogopa. Akasema bolti ikikazwa kwa pupa inakatika, na injini ikicheza njiani dereva anavunjika mguu. Maneno ya mtu asiye na misuli.

Mimi nimechomeka bomba la chuma kwenye mpini wa spana. Nguvu mara tatu! Bolti ya kwanza ikalia kwii. Ya pili kwii. Ya tatu kwii. Ya nne haikulia. Kichwa kilibaki kwenye spana, mimi nikabaki chali.

Nilifikiri haraka. Nimekibandika kichwa mahali pake kwa kipande cha sabuni ya mche, nikapaka masizi juu. Huwezi kujua! Na bolti tatu zinatosha. Kigoda kina miguu mitatu na wazee wanakikalia.

Nimemaliza saa nne asubuhi, Makarius bado. Bwana Stanslaus ameona.

Jumatano, 6 Novemba

Mazoezi ya kupakia. Aibu.

Nyuma ya yadi kuna kichuguu kirefu kufika kiunoni. Makarius alimwomba dereva arudishe pikapu kinyumenyume mpaka ikiguse. Akapandisha pikipiki kichuguuni kwa upande wenye mteremko, akaisukuma ndani, akaifunga kamba huku na huku. Hata jasho halikumtoka! Bwana Stanslaus akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilimwona.

Mimi nilitumia ubao. Ubao ulikuwa mzuri. Tatizo ulikuwa umepakwa oili, na aliyeupaka ni mimi, jana, bila kukusudia. Tulipofika katikati, ubao ukaenda zake, pikipiki ikarudi, nami nikawa chini yake. Makarius ndiye aliyeninyanyua. Alinipa pole mara mbili. Mtu akikupa pole mara mbili anakucheka.

Nimewaza jioni yote. Makarius si hodari. Hodari ni kichuguu.

Alhamisi, 7 Novemba

Kichuguu hakipo!

Niliamka kabla ya jogoo, nikachukua jembe na sururu. Ardhi ngumu kama saruji. Juu yake kulikuwa na sufuria kuukuu na majani yaliyofungwa fundo, takataka za watu, nikatupa. Mchwa askari waliniuma mpaka mahali pasipoandikika. Lakini jua lilipochomoza kilikuwa kimebaki usawa wa kifundo cha mguu.

Makarius alifika, akatazama, akanitazama mikono. Malengelenge kumi na moja. Alikwenda kuosha vyombo vyake vya kazi. Ameishiwa!

Ijumaa, 8 Novemba

Leo sijisikii vizuri.

Mawingu yametanda tangu asubuhi. Saa tatu akaja Bibi Josefina na ndoo yake, mama mzazi wa Bwana Stanslaus, nyumba yake inapakana na yadi. Alikuja kutayarisha kichuguu chake maana mvua ya kwanza iko njiani na kumbikumbi watatoka. Chake! Yale majani yenye fundo ndiyo alama ya mwenyewe. Ile sufuria ni ya kuwakingia. Kila mtu Mpanda anajua kichuguu kinaweza kuwa na mwenyewe. Hata mimi najua. Nilikuwa na haraka tu.

Bibi alikaa chini kwenye udongo. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akasema taratibu: "Kumbikumbi wa hapa ndio waliomsomesha Stanslaus. Nilikuwa nawauza sokoni kisado kwa kisado."

Nilitaka kukiri. Naapa nilitaka. Mdomo ukafunguka, ikatoka habari nyingine kabisa. Nilimwambia ni muhanga, yule mnyama mla mchwa. Nikaeleza kwamba muhanga mkubwa ametoka mbugani, nimemwona kwa macho yangu, kucha hivi, mkia hivi.

Bibi akainama, akaukagua ule udongo uliofukuliwa. Kisha akakagua miguu yangu.

"Mjukuu wangu," akasema, "muhanga gani anavaa kandambili?"

Nilijisikia mtu wa hovyo. Nimeshindwa hata kumaliza ugali, na ulikuwa na samaki.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua ya kwanza! Kumbikumbi wanaruka kwa majirani wote, watoto wanakimbia na mabeseni. Kwenye udongo wa Bibi Josefina hakuna hata mmoja. Alisimama barazani na ndoo tupu. Nilipita upande mwingine.

Kupakia. Nilimngoja Makarius ahangaike. Alitembea yadini kidogo, akaona mtaro wa barabarani, akamwambia dereva ashushe magurudumu ya nyuma humo. Pikapu ikakaa chini usawa wa ukingo. Akasukuma pikipiki ndani kama mtu anayeingiza kiti sebuleni. Kumbe mitaro iko mingi. Siwezi kuifukia yote.

Zamu yangu. Sikutaka kutumia mtaro wake, heshima yangu iko wapi? Nikaweka ubao, safari hii nimeufuta. Nikawasha injini niipandishe kwa moto. Watu wakakusanyika. Bwana Stanslaus alikuwa mbele, na mwavuli.

Injini ilinguruma vizuri. Ikapata joto. Mvua ikaipiga. Kisha likaanza kutoka povu. Povu jeupe, jingi, linafuka harufu ya kufulia! Nilivuta mafuta zaidi. Kichwa cha bolti kikateleza, kikadondoka mbele ya kiatu cha Bwana Stanslaus. Bolti ya pili na ya tatu, ambazo kumbe nilizijeruhi kwa lile bomba, zikaachia. Injini ikainama upande mmoja, mnyororo ukachomoka, nami nikarudi chini na ubao na kila kitu.

Bwana Stanslaus aliokota kile kichwa, akakinusa.

"Enoka," akasema, "hii pikipiki ilikuwa nipande mimi. Kule Usevya, kwenye makorongo."

Watu wote walicheka ila yeye na Makarius. Kazi amepewa Makarius.

Jumapili, 10 Novemba

Baba amefika mapema. Nimefunga godoro. Machozi yalinitoka, nikasema ni moshi.

Tulipokuwa mlangoni akaja Makarius kutoka misa, bado na shati lake jeupe. Alimsalimia baba kwa adabu, akamwambia amemwomba Bwana Stanslaus msaidizi, naye amekubali kwa miezi mitatu. Baba akauliza ni nani.

"Ni huyu Enoka, mzee wangu. Nguvu anazo. Kuzituliza ndiyo kazi, na hiyo nitaifanya mimi."

Na Bibi Josefina? Makarius amekwisha kumwona. Bibi kakubali, mradi kila asubuhi kwa miezi hiyo mitatu nimchotee maji ndoo nne. Baba akarudi Mwamkulu na fimbo yake.

Nimekaa nikalitafakari jambo hili, na ukweli nimeuona. Makarius ananiogopa! Mtu hamweki mpinzani karibu naye hivi hivi. Na kesho, eti, somo la kwanza nitaangalia tu, mikono mfukoni. Kwa nini? Anaihofia mikono yangu!

Basi nimeshatunga barua kwa Bwana Stanslaus, kwa jina la Wananchi Wapenda Maendeleo wa Usevya, wanalalamika kwamba fundi mpya ni mzito na anayefaa ni msaidizi wake. Maneno yametulia kabisa. Kikwazo ni kimoja, Bwana Stanslaus anaujua mwandiko wangu. Inatakiwa mtu mwenye mwandiko mzuri, msiri, asiyekataa akiombwa.

Kesho nitamwomba Makarius aniandikie.