Treni Niliyoisimamisha Katikati ya Mazishi

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya kijiji kizima. Nawaambia mapema ninyi mlioko Manyoni, kabla habari haijawafikia imeongezwa chumvi.

Tumemzika Mzee Ndahani, mlinzi wa geti la reli hapa Kintinku. Tangu tuhamishiwe kijiji hiki cha ujamaa nimekuwa nikishinda naye pale getini. Duka la kijiji halina sukari, halina sabuni, halina kanga. Muuza duka kama mimi afanye nini? Naenda kutazama treni. Kila ikipita navua kofia nampungia dereva, naye ananipigia honi. (Ndiyo, mtu mzima mwenye mvi.) Mzee alikuwa akinicheka, kisha ananimegea muhogo wake. Sijui kesho nitakaa na nani.

Sasa, makaburi yako ng'ambo ya reli. Mlinzi mpya bado hajaletwa, na wafanyakazi wa reli wenzake marehemu ndio waliokuwa wabebe jeneza. Asubuhi stesheni masta akaniita.

"Ndugu, wewe unaijua kazi ya mzee. Utatushikia geti mpaka tumalize kuzika?"

"Bila wasiwasi, ndugu."

Akanipa bendera mbili za mzee, ya kijani na nyekundu. Akaeleza kwamba nyekundu ni ya kuzuia watu na mikokoteni barabarani, na kukiwa na hatari inasimamisha hata treni. Niliitikia kama mtu anayefundishwa kula ugali. Moyoni nilijiapia kwamba rafiki yangu na watu wake watavuka reli kwa heshima. Sikuwa na kingine cha kumfanyia.

Mchana msafara ukaja. Jeneza mbele, katekista na waimbaji, kisha wanaume na majembe yao. Akina mama walikuwa nyuma, wamemshikilia Mama Petro, mjane wa marehemu, ambaye hakuona hata pa kukanyaga. Jeneza likavuka. Nikasimama wima, machozi yananitoka. Mpaka hapo kazi safi!

Ndipo mkono wa ishara kule kwenye nguzo ukainama. Treni inakuja. Kanuni ni kanuni, nikashusha mti wa geti. Ukashukia mbele ya pua ya Mama Petro. Jeneza kule, mjane huku.

"Baba, watamzika mume wangu mimi sipo!"

"Inapita mara moja tu, mama. Hata kaburini hawajafika."

Nikakunjua bendera nyekundu ili akina mama wasisogee. Hapo bado nilikuwa sahihi kabisa. (Hilo mlikumbuke wakati mnanisema.)

Treni ikatokea. Ya mizigo, ndefu. Jamani, ile injini! Nyeusi, kubwa, moshi umeziba jua, ardhi inatetemeka mpaka magotini. Nikasahau msiba. Nikasahau mjane. Mkono wangu ukafanya kile unachofanya siku zote: ukapanda juu, ukapunga. Ila leo haukuwa umeshika kofia.

Nilimwona dereva akitumbua macho. Kisha vyuma vikalia, vikalia, nikaziba masikio. Behewa baada ya behewa likapita mbele yetu, kila moja taratibu kuliko lililotangulia, mpaka treni ikasimama. Injini kule mbele, mkia kule nyuma, na tumbo lote juu ya njia yetu!

Akina mama waliacha kulia. Wakanitazama.

Dereva akaja mbio kwa miguu, masizi usoni, anahema.

"Kuna nini? Nani kagongwa?"

"Hakuna, ndugu."

"Reli imekatika?"

"Hapana."

"Sasa umenisimamisha kwa nini?"

Ningeweza kudanganya. Ningesema ng'ombe, hapa ng'ombe hawakosekani. Lakini Mama Petro alikuwa ananisikiliza.

"Nilikuwa nakusalimia."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliuliza msiba ni wa nani, na alipotajiwa jina akavua kofia yake. Akasema breki za mabehewa yote lazima ziachie kwanza, treni haitaondoka upesi. Wakati huohuo tukasikia kutoka makaburini wimbo wa kuteremshia jeneza. Wale kule waliona treni kama wanavyoiona siku zote. Hawakujua nani kabaki nyuma yake.

Ikabidi Mama Petro apandishwe juu ya vyuma vinavyounganisha mabehewa. Dereva alimsukuma kwa huku, mimi nikampokea kwa kule. Kanga yake ikanasa, ikachanika. Kiatu kimoja kikaanguka chini ya treni. Bibi wa watu, siku ya kumzika mumewe!

Tukafika wanasawazisha udongo. Jeneza halikuonekana tena. Mama Petro akapiga magoti, akaweka konzi yake ya udongo juu ya kaburi lililokwisha kujaa. Nilitamani nifukiwe pembeni.

Tuliporudi nikamwendea. "Shikamoo mama." Hakuitikia. Akanyoosha mkono, nikamrudishia bendera zote mbili.

"Mume wangu amezeekea pale getini," akasema, "hakuna treni aliyoisimamisha bure. Wewe umeanza na siku ya kumzika."

Jioni hii nimekaa na wanaume matangani. Kila mmoja ananitazama, kisha anainamisha kichwa, mabega yanamtikisika. Kilio nakijua, kile si kilio. Na ninyi nawasihi, mwenye kicheko chake akihifadhi mpaka tuanue matanga.