Doa Lisilo na Kibali

Ilitangazwa rasmi, kwa barua yenye mihuri mitatu, kuwa kuanzia Jumatatu taifa halitavumilia doa kwenye jani la nyanya. Mmea wenye doa ni mgonjwa, na mgonjwa atang'olewa. Hatua hiyo ya busara ingeumaliza ukungu kabla Waziri hajaja kukagua.

Mama Darubini, mtaalamu wa maabara ya mimea, aliisoma mara mbili. Nyanya zake zote zilikuwa na madoa. Alikuwa amezizalisha kwa miaka tisa ili ziwe nayo.

Akampelekea Mkurugenzi wa maabara jani. "Mzee, madoa haya ndiyo kinga yenyewe. Ndani ya seli kuna protini za ulinzi. Zikikutana na protini ya ukungu tu, seli inajiua palepale, ukungu unakosa chakula. Na kabla ya kufa inatuma kemikali kuyaamsha majani mengine."

"Inajiua?" Mkurugenzi alivua miwani. "Kwa kibali cha nani?"

"Haina muda wa kusubiri kibali, mzee."

"Basi hilo ni suala la nidhamu. Tazama kitalu changu cha maonyesho. Kijani tupu!"

"Kwa sababu bado hakijashtuka kwamba kimevamiwa."

"Mama, usinifundishe kazi. Ng'oa."

Mama Darubini alitaka kubisha. Lakini miaka ishirini ya ofisi ilikuwa imemfunza kuwa mkubwa habishiwi, anaandikiwa. Akaomba ufafanuzi kwa unyenyekevu: doa ni milimita ngapi? Swali hilo zito liliundiwa kamati, kamati ikazaa kamati ndogo, kamati ndogo ikaenda hotelini siku kumi kujifunza matumizi ya rula. Nyanya zikawekwa kiporo.

Waziri alifika na waandishi wa habari kabla ya majibu. Kitalu cha maonyesho kilikuwa kimelala chini, cheusi, kinanuka. Pembeni, nyanya zenye madoa zilikuwa zimeelemewa na matunda.

"Hizi ni juhudi zangu binafsi," Mkurugenzi aliharakisha kusema.

Mama Darubini akampa Waziri ile barua yenye mihuri mitatu. "Na hii ndiyo amri ya kuzing'oa, Mheshimiwa."

Waziri aliisoma kwa sauti, kila mstari akizidi kufoka. "Mpumbavu gani aliidhinisha huu u..." Akafika chini, penye saini. Ilikuwa yake.

Aliikunja barua mara nne, akaitia mfukoni.

"Mheshimiwa," Mama Darubini aliuliza kwa adabu, "kwa hiyo tuzing'oe?"

"Ziacheni," alisema Waziri taratibu. "Zimeni hizo kamera."