Koleo Alivyolinyamazisha Tone la Bomba

Jongeeni, enyi wenye ndoo na wenye madumu. Tueni mizigo, mpoe, msikie habari za Koleo, mlinzi wa bomba la kijiji, simba wa spana, aliyepigana na tone moja la maji hata likanyamaza.

Tone lile lilikuwa dogo lakini halikuwa na adabu. Lilidondoka mchana kutwa, usiku kucha, na haba na haba, badala ya kujaza kibaba, ikakausha tangi. Pampu ya jua ikijaza, tone likipunguza. Chini ya bomba bata wa mama mkwe wa Koleo wakapiga kambi dimbwini, wakajiona mabwana wa bahari. Na mama mkwe huyo ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji.

“Mkwe wangu,” akanena mbele ya kamati, “nakupenda, ila tangi tupu silipendi. Ijumaa nikikuta bomba linadondoka, ufunguo namkabidhi shemeji yako.”

Koleo akaukumbatia ufunguo. Miaka kumi na mmoja ufunguo ule ulikuwa umening’inia shingoni mwake, na shemeji huyo hajapata kufunga hata chupa ya mafuta ikafungika.

Alhamisi alfajiri shujaa akafunga koki kubwa, akalifungua bomba, akakikuta kipira cha ndani, kile kinachozuia maji, kimelika kama kipande cha mwisho cha sabuni. Hapo akaelewa. Kila apitaye, akisikia tone, hulikaza bomba kwa mikono miwili, kwa nia njema kabisa, akaenda zake akijisifu. Kijiji kizima kilikuwa kimekiua kipira kwa mapenzi.

Dukani vipira havikuwapo. Koleo akaitazama kandambili yake ya kushoto, mwandani wake wa matope mengi.

“Nisamehe, ndugu yangu,” akaiambia, akachomoa kisu. Duara la kwanza likawa kubwa, la pili likapinda, la tatu likakaa.

Ijumaa umati ukakusanyika. Koki kubwa ikafunguliwa, maji yakapanda, bata wakainua shingo wakingoja riziki yao. Tone halikuja.

Mama mkwe akasogea na mikono yake miwili, alikaze bomba kidogo, kwa usalama.

“Mama,” akasema Koleo, “kwa heshima zote, vidole viwili tu. Kulikaza ndiko kunakoliharibu.”

Kamati ikatazamana, kwa maana hajazaliwa mkwe wa kumpimia mama yule nguvu za mkono. Mama akamtazama usoni, kisha miguuni.

“Mbona kandambili yako ina matundu?”

“Kilichopungua kimo bombani, Mama.”

Mama akaguna. Akanyoosha vidole viwili, akaligusa bomba kama anayemfunika mtoto aliyelala.

Tangu hapo kijiji kile huhesabu miaka kwa kandambili: kabla yake na baada yake. Bata walihamia kwenye shimo la maji machafu la shemeji, na ufunguo haukutoka shingoni mwa Koleo.