Ufunguo wa Maporomoko

Jumatatu, 3 Machi
Njoki ametoa hukumu tukinywa chai. Wageni wasipolala kwenye kambi yangu kufikia Jumapili, mke wangu huyu anapanda majani ya nepia pale. Ng'ombe wake wana njaa, ati, na hema tupu halikamuliwi. Miezi minne tangu nifungue, aliyelala pale ni mbwa wa Wamae peke yake. Wamae, jirani yangu wa bondeni, anajaza kambi yake kila wikendi. Kwa nini? Ana maporomoko ya maji. Hakuyajenga! Alirithi shamba tu, na bado anatembea akijivuna.

Jumanne, 4 Machi
Muujiza! Nadhira, kiongozi wa klabu ya wapanda milima mjini Nyeri, amepiga simu. Watu kumi na wawili, Jumamosi. Akauliza kuna nini cha kuona. Mdomo ukajibu kabla sijafikiri: pango, Mlima Kenya mzima, na maporomoko. Pango ni shimo tulikochimba mawe ya nyumba. Mlima upo, mawingu yakipenda. Maporomoko nina siku nne za kuyatafuta.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata! Kumbe nimetembea nayo mfukoni miaka miwili. Mimi ndiye mshika ufunguo wa mradi wa maji wa kijiji. Kiangazi hiki ninafungulia kila upande wa kijiji maji siku yake. Na juu kabisa ya mwamba wangu kuna bomba la kumwagia matope, ambalo hufunguliwa mara moja kwa mwaka. Mwaka huu litafunguliwa mara mbili. Nimechongesha na ufunguo wa pili mjini. Mtu wa mipango hategemei ufunguo mmoja.

Ijumaa, 7 Machi
Jaribio, dakika tano. Maji yakaruka mwambani, meupe, na kelele zake! Machozi yalinitoka kidogo. Njoki akauliza mbona nimelowa. Nikasema umande. Ilikuwa saa nane mchana.

Jumamosi, 8 Machi
Saa nne wageni wakafika. Mlima umejifunika. Pangoni kulikuwa na mbuzi wa jirani yetu Murugi, na hakutaka kutoka. Lakini maporomoko! Nadhira alishika kifua. Mahema yakaanza kusimamishwa. Nikamtazama Njoki kwa jicho la mshindi.

Saa sita akina mama wakatokea, kama ishirini, mitungi mitupu, Murugi mbele. Mifereji yao ilikuwa imekauka, na leo ndiyo siku yao ya maji. Walikuwa wamefuata kelele. Nadhira, kwa adabu, akauliza kama huwa wanateka maji hapa. Murugi akamjibu, "Hapa? Madam, hii ni maji yetu ya mfereji! Juzi hapa kulikuwa na mawe tu."

Katibu wa mradi akafika, akafunga bomba, akachukua ufunguo mbele ya watu wote. Mwamba ukakauka wageni wakiutazama. Njoki alibeba mitungi miwili akaenda mtoni kuwatekea ng'ombe maji. Niliona aibu sana.

Wageni wakakunja mahema, wakashuka kwa Wamae. Na hapa ndipo roho inapouma zaidi. Maji yangu yote yalikuwa yakiteremkia kwenye kijito chake! Wanasema maporomoko yake hayajanguruma hivyo tangu mvua za mwaka jana. Wamelala huko.

Jumatatu, 10 Machi
Njoki amechimba mashimo ya nepia kambini, hadi kwenye mlango wa choo kipya. Anangoja mvua tu. Amesema mifereji ikikauka tena kwa sababu yangu, nitahamia zizini. Mlima umeonekana tangu alfajiri, wote, bila wingu hata moja. Niliutazama peke yangu.

Jumatano, 12 Machi
Wamae amekuja, kofia mkononi. Ameniita "mzee," mara ya kwanza maishani. Nadhira anarudi Jumamosi na watu thelathini kuona yale maporomoko yanayonguruma, na sasa yamebaki uzi. Akauliza, sauti chini, kama kuna njia yoyote.

Katibu alichukua ufunguo. Hakuuliza kama nina mwingine.

Tumekubaliana. Wageni kumi watalala kwangu, katikati ya mashimo. Jioni nimemshauri Njoki ajaze mitungi yote Ijumaa. Akauliza kwa nini. Nikamwambia siku hizi mimi ni mume anayewaza mbele.