Sumari Alivyoitetea Bustani ya Sekei

Tulieni, enyi watu wa Sekei na Sokon, nanyi wa barabara ya Nairobi ambao masikio yenu yamejaa honi! Acheni chai ipoe vikombeni, kwa maana inasimuliwa leo habari ya Sumari wa miteremko ya Meru, mkulima wa kahawa, mwenye kitambi kisichotetereka, aliyesimama peke yake kuitetea bustani ya michezo ya Twiga dhidi ya wote waliotamani ianguke.

Bustani hiyo, iliyoko Sekei, ilikuwa na twiga wa saruji asiye na sikio moja, bembea zenye kutu, na gurudumu kubwa la kupandia watu ambalo kila likizunguka lililia kama ng'ombe aliyecheleweshwa kukamuliwa. Sumari aliipenda kuliko bustani zote. Kila siku ya pili ya Krismasi aliuongoza ukoo wake kwenda huko, kifua mbele, kama jemadari arudiye katika mji alioutwaa.

Mwaka jana, siku hiyohiyo, uasi ukazuka. Shemeji yake Prosper, mdogo wa mkewe, muuza vipuri wa mtaa wa Sakina, alisimama wakati watu wanakula pilau, akanena:

"Shemeji, heshima yako ipo palepale. Lakini kwetu Sakina wamefungua bustani mpya. Kuna treni ya kasi inaitwa Joka, kuna maji ya kuteleza, kuna jenereta lisilo na kelele. Sisi kila mwaka tunakwenda kumwangalia twiga kiziwi!"

Watoto wakashangilia, na aliyepaza sauti kuliko wote alikuwa Nice, binti mkubwa wa Sumari. Hilo lilimchoma baba yake kama mkuki. Akaliweka chini paja la kuku, akainuka, akanguruma:

"Ewe Prosper! Joka lako humrusha mtu huku na huku, na kabla hajafumbua macho amekwisha kushushwa. Hiyo ni starehe au ni ajali? Gurudumu letu huenda kwa adabu. Hukupa nafasi ya kuitazama nchi yako, na kama una neno la kusema, unalimaliza!"

"Baba Nice, kaa, chakula kinapoa," akasema Magreth mkewe. Kisha akatoa hukumu. "Leo twendeni Sekei, Prosper apande. Akishuka akisema hapana, mwakani tunahamia Sakina, na sitaki kusikia neno."

Basi wanaume wawili wakajibana katika kikapu kimoja cha chuma, magoti yakigongana. Gurudumu likalia, likapanda. Walipofika juu kabisa, umeme ukakatika.

Kikapu kikayumba. Prosper, mpanda Joka, akakumbatia nguzo na kufumba macho. Adui alikuwa mkononi, na Sumari angeweza kucheka hadi walio chini wasikie. Lakini hakucheka, maana aliuona ufalme wake ukianguka kwa kukosa umeme.

"Shemeji, tutashuka lini?" akanong'ona Prosper.

"Sijui. Hapahapa ndipo nilipomposa dada yako."

Prosper akafumbua jicho moja. "Hapa?"

"Umeme ulikatika kama hivi. Joka lingenipa nafasi gani? Nikamuuliza, akanyamaza. Alinijibu umeme uliporudi. Hapo katikati nilizeeka."

Prosper akacheka hadi kikapu kikatikisika, akakumbuka kuogopa, akacheka tena. Wingu likasogea, mlima ukajitokeza wote, na chini yake migomba ya kwao.

"Ile njia si ndiyo inayopanda kwa mama?" akauliza Prosper.

"Ndiyo hiyo."

Wakaitazama mpaka jenereta la bustani likakohoa na gurudumu likaanza kushuka.

Magreth alikuwa akiwangoja, mikono kiunoni. "Haya, mdogo wangu. Sema."

Prosper akajifuta jasho.

"Ile ya Sakina ina kasi," akasema, na Sumari akainamisha kichwa. "Ila hii nipandisheni tena. Dada, njoo tupande wote, nataka kusikia upande wako."

Hivyo ndivyo Sekei ilivyookoka, enyi wasikilizaji. Wafalme wengi wametwaa miji kwa moto. Sumari aliutetea wake kwa kukwama hewani. Akabaki chini ya gurudumu na mfuko wa bisi, akimtazama mkewe akipaa huku anamcheka, na katika Arusha nzima siku hiyo hapakuwa na mshindi mwingine.