Abiria wa Mchanga

Jumatatu, 3 Juni

Pikipiki imefika! Nyekundu, mpya, kiti bado kina nailoni na sitaitoa. Nimeinunua kwa sababu moja, na sababu hiyo iko kwa mama yake tangu Machi. Mke wangu alipoondoka alisema nyumba haijamshinda, nimemshinda mimi. Atarudi siku nitakayomjibu swali moja bila kuzunguka. Jumamosi namfuata. Atakaa nyuma, atanishika kiuno, maswali yataishia hapo.

Tatizo: sijawahi kubeba mtu. Nimejaza gunia mchanga, kilo sabini kwa makisio ya mapenzi, nikalifunga nyuma kwa mazoezi.

Jumanne, 4 Juni

Usukani unayumba! Nikifika mwendo wa arobaini unatikisika mikononi kama unakataa jambo. Nikamshusha abiria wangu wa mchanga nyumbani, nikaenda kwa fundi. Gunia sikulitaja. Mtu mzima hawezi kumwambia fundi kwamba anafanya mazoezi ya mke. Fundi akapanda, akaenda hadi mwisho wa barabara, akarudi ameachia mikono yote miwili, anajikuna kidevu. Akauliza kama nilibeba mzigo. Nikasema sijabeba hata leso.

Jumatano, 5 Juni

Fundi amekaza nati ya shingo, amekagua gololi, amezungusha gurudumu la mbele kuona kama ringi imepinda. Kila kitu sawa. Nikarudi nyumbani, nikampakia abiria, nikatoka. Meno yaligongana! Nikamshusha, nikarudi kwa fundi. Akaniuliza, kwa upole ulioniuma, kama huwa natetemeka mikono nikiwa peke yangu. Nikakataa katakata.

Huwa natetemeka. Hasa jioni, nikipika cha mtu mmoja kwenye sufuria ya wawili.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimemvisha abiria koti ambalo mke wangu alilisahau, na juu nikamfunga helmeti mpya niliyomnunulia. Sababu ya kitaalamu: upepo umpige kama unavyompiga mtu. Uongo mtupu. Koti bado lina harufu ya sabuni yake, nilitaka inifuate njiani. Nilimsimulia habari za nyumbani mpaka sokoni. Usukani ulicheza njia nzima, sikujali.

Nikapishana na shemeji, kaka yake mke wangu, ambaye hajanikubali tangu harusi. Nikampungia. Hakunipungia.

Ijumaa, 7 Juni

Balaa! Fundi amekuja kunirudishia kifuniko cha valvu ya tairi alichokisahau mfukoni, akalikuta gunia juu ya pikipiki. Alilitazama sana. Kisha akasema limekaa nyuma mno, linanyanyua mbele, gurudumu la mbele linakosa uzito, ndiyo maana usukani unacheza. Akalisogeza hadi katikati ya kiti, akaongeza upepo tairi la nyuma. Nimejaribu. Tuli!

Akauliza kwa nini sikusema tangu siku ya kwanza. Nikasema nilikuwa napima ujuzi wake.

Jumamosi, 8 Juni

Amekuja mwenyewe! Saa nne asubuhi, mlangoni, na begi lake. Begi! Akasema ana swali moja tu. Kaka yake ameniona nimempakia mwanamke aliyevaa koti lake. Ni nani?

Swali nililolingoja tangu Machi. Gunia lilikuwa nyuma ya nyumba, hatua kumi. Ningemshika mkono tu, nimwonyeshe. Lakini ningesemaje? Kwamba nimezunguka mjini nikiongea na mchanga kwa kumkosa yeye? Na akiuliza kilo?

Nikasema ni shangazi.

Akauliza shangazi yupi. Nikasema wa upande wa baba, yule aliyepotea. Akalichukua koti lake msumarini, akainua begi. Nikambembeleza nimpeleke walau kwa pikipiki, haiyumbi tena. Akasema atatembea. Alipofika barabarani aligeuka, macho yamejaa machozi, akasema basi nimpeleke huyo shangazi kwa mama mkwe, wamsalimie.

Jumapili, 9 Juni

Nyumba kimya. Harufu imeondoka na koti. Nimekaa juu ya pikipiki uani, injini imezimwa, nikijisogeza mbele kumwachia nafasi. Namtaka yeye tu.

Lakini sikati tamaa. Hakusema harudi. Alisema nimpeleke shangazi. Kwa hiyo kesho natafuta shangazi. Awe na kilo sabini, na asiwe na maneno mengi.